Chungu Namba Tisa

Oktoba 3

Na jambo jingine nililosahau kukuambia tulipoagana, Habibo, ni kwamba Bule anakula bila sauti yoyote. Mtu mrefu vile, na ukimwekea sahani ya wali utafikiri ni paka. Nilisahau pia kukuambia kwamba akioga anaimba, na kwamba ana kovu dogo chini ya kidevu ambalo nimelipa jina, na jina hilo sitaliandika hata kwenye daftari hili ulilonipa wewe mwenyewe ukiniamuru niandike kila kitu.

Ulisema mume huwa mtamu siku arobaini, kisha anageuka kiti. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Nimemkagua. Bado ni mtu.

Tuko Kiwanjani, vyumba viwili vya mabati. Ng'ambo ya uwanja ni nyumba ya mama yake, ambaye wote humwita Ayo, nami namwita hivyo macho yakiwa chini. Nyuma ya nyumba yetu ndiko anakoishi mke mwenzangu. Usishtuke. Ni vyungu ishirini na kimoja vilivyopangwa ukutani, na tuta la mchanga la urefu wa kitanda, na ndani yake yamelala maua ambayo sijayaona. Bule huyaita airisi. Watu wa Gotu huyaita vitunguu vya ngiri, kwa sababu ngiri huyafukua. Kwa sasa ukiangalia unaona mchanga tu. Mume wangu anarudi kutoka kwenye kitalu cha miche anakofanya kazi, ananisalimia mimi, halafu anausalimia mchanga.

Oktoba 4

Jana aliniambia kisa chake na ninakiandika kabla hakijapoa.

Akiwa na miaka tisa alichunga mbuzi wa baba yake, Mungu amrehemu, karibu na Gotu, kwenye kilima cha mawe mekundu. Alasiri moja alikuwa ameketi, na karibu na mguu wake ua likafunguka akiliangalia, polepole, kama mtu anayefungua kiganja kukuonyesha kitu. La samawati, anasema. Jua lilipozama likajikunja na kuwa ute. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, hakuna. Wakubwa walimwambia ameota kwa njaa. Amelitafuta miaka kumi na tisa.

Miaka minne iliyopita wachimbaji wa murram, kifusi chekundu cha barabara, walianza kukila kile kilima. Bule alitangulia mbele ya mashine na kijiko cha chai, akatoa vitunguu vyake kimoja kimoja, vidogo kama kitunguu saumu. Akavileta hapa. Alichekecha mchanga wa laga, ule mto wa msimu, akauchanganya na changarawe, akajifunza mwenyewe kwamba wakati wa kiangazi havitaki tone la maji, vinaoza. Kila mvua vinatoa majani, na kila mvua havitoi ua.

Hilo ndilo linalomkondesha. Yuko mama mmoja Nairobi, Madam Waringa, anayetunza mimea iliyokaushwa kwenye makabati na kuipa majina. Amemwambia Bule kwamba majani peke yake ni kama mtu asiye na uso. Na tarehe tano Desemba kamati ya wadi itakaa kuamua kama kilima kichimbwe chote au sehemu izungushiwe uzio wa miiba. Mwenyekiti amekwisha kusema hawezi kukilinda kitu kisicho na jina. Kwa hiyo ni mvua hii au basi.

Niliuliza kama ua hilo ni zuri kuliko mimi. Alifikiri kwanza. Nilimpenda zaidi kwa kule kufikiri.

Oktoba 5

Ayo amenikabidhi chicho tatu, vyombo vya maziwa vya nyuzi, alizosuka mama yake mzazi. Alizipanga mbele yangu akasimama kuona nitazishikaje. Unajua jinsi wanavyomsema bibi harusi ambaye vyombo vyake havinuki moshi.

Nilitafuta mahali pa kuweka makaa, maana upepo wa Kiwanjani unabeba cheche mpaka kwa jirani. Kwenye mstari kulikuwa na chungu kisicho na kibati cha namba, nikadhani ni cha mchanga mtupu, nikakivuta kando. Nikaweka makaa ya mti wa ejersa juu ya ule mchanga, nikafunikiza chicho juu yake, moshi ukaingia wote ndani. Jioni Bule alikunywa vikombe viwili, akaniuliza nimetia nini kwenye maziwa. Nikasema mapenzi. Akasema, "Basi mapenzi yako yana moshi."

Oktoba 8

Joto. Sina la kuandika ila kwamba nampenda.

Oktoba 11

Joto. Ayo alionja maziwa yangu, akameza, akaondoka. Nadhani nimepita.

Oktoba 16

Habibo, nimefanya jambo baya.

Leo Bule alirudi mapema kuviangalia vyungu vyake kabla ya mawingu. Nilikuwa nimechuchumaa nafukiza, naimba ule wimbo wake wa kuoga ili anisikie. Alifika nyuma yangu akasimama. Nikageuka nikitabasamu. Alikuwa anaangalia makaa.

Akasema, "Kabale. Hicho ni namba tisa."

Nilisema hakina namba. Aliinama, akaondoa majivu kwa kidole, akatoa kibati kilichokuwa kimeanguka ndani kikazama. Tisa. Akaniuliza ni siku ngapi. Nikahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: kumi na mbili, asubuhi na jioni, yeye akiwa kazini. Nilidhani atapiga kelele, na nilitamani apige. Alikiinua kile chungu, kilikuwa bado cha moto, akakirudisha mahali pake kwenye mstari, akaenda kuketi kwenye tuta la mchanga, mgongo ukiwa kwangu.

Namba tisa ndiyo ilikuwa na kitunguu kikubwa kuliko vyote. Ndicho alichokuwa akikitegemea.

Nilimwambia tukifukue tuone. Alitikisa kichwa. "Tukifukua tutaona," akasema, "lakini kuona hakuponyi."

Oktoba 17

Hajasema neno. Anakula bila sauti, na leo sikukipenda kile kimya.

Oktoba 18

Hajasema. Siku ya thelathini na nane. Nimeanza kukuogopa wewe na hesabu yako.

Oktoba 19

Ayo aliniita. Nilikwenda nikijua naenda kusomewa. Alikuwa anasuka mkeka, hakuinua macho. Akaniuliza mwanawe ana nini, nikamweleza yote, nikalia, pua ikatoka, sikuwa na heshima yoyote iliyobaki.

Alisema, "Nimefukiza watoto saba na vyombo miaka arobaini. Hakuna aliyekufa kwa moshi. Kitunguu nacho kitazoea."

Nikasema yalikuwa makaa, Ayo, si moshi tu.

"Baba yake alikuwa hivi hivi," akasema. "Ngamia akipotea, ananinunia mimi, kana kwamba nimemficha kwenye sufuria. Siku ya nne anaomba chai. Weka maji motoni."

Halafu alicheka. Nimekaa hapa zaidi ya mwezi na sikujua kwamba mama huyu ana pengo la mbele, kwa sababu sikuwa nimemwona akicheka, na sikuwa nimemwona akicheka kwa sababu sikuwa nimeinua macho yangu.

Oktoba 20

Ameomba chai.

Alisema pia kwamba hakunikasirikia mimi, alijikasirikia yeye, kwa kunionyesha vyungu vyote siku ya kwanza kwa kiburi bila kunifundisha hata kimoja. Kwa hiyo leo amenifundisha. Ninajua sasa kushika mchanga kwenye ngumi na kuusikiliza: ukishikana una maji mengi, ukimwagika ni sawa. Ninajua vitunguu vinakaa chini kina cha kiganja kizima, na kwamba makaa yangu yalikuwa juu. Amenionyesha hilo kwa kiganja chake mwenyewe, akakiweka juu ya changu, na hapo somo likaisha.

Oktoba 29

Mvua. Ilianza saa kumi, ikanyesha kama mtu aliyekuwa amefungiwa. Bule alitoka akasimama katikati ya vyungu na shati likamganda. Nilimfuata. Ayo mlangoni alisema sisi ni wagonjwa.

Novemba 1

Mvua. Bati linavuja juu ya begi lako la zawadi. Begi ni zima.

Novemba 6

Majani yametoka, membamba, yamejisokota kidogo kwenye ncha kama nywele za mtoto. Vyungu kumi na sita na nusu ya tuta. Namba tisa, mchanga.

Novemba 9

Namba tisa, mchanga. Naenda kuangalia Bule akiwa kazini ili asinione nikiangalia. Jana nilimkuta Ayo hapo. Aliniambia amekuja kutafuta kuku. Hatuna kuku.

Novemba 14

Jani. Moja tu, nene kuliko ya wenzake. Nilimpigia kitaluni nikashindwa kusema, akadhani mama yake amekufa. Alipoelewa, alikaa kimya kwenye simu, na kile kimya nilikipenda.

Novemba 25

Vile vingine vina majani tu, kama kila mwaka. Namba tisa ina shina, na shina lina tumbo.

Bule alimpigia Madam Waringa, akaweka simu katikati yetu tusikie wote. Yeye huanza kila mara na habari za asubuhi hata kama ni jioni. Aliuliza tumefanya nini tofauti. Bule alinitazama. Nikaeleza makaa, chicho, siku kumi na mbili, kila kitu.

Yule mama wa makabati akacheka mpaka akakohoa. Alisema kuna nchi kavu ambako mimea ya namna hii hukaa miaka na majani matupu, ikingoja nyika iungue ndipo itoe maua. Kwamba wengine wanaamini moshi ndio unaoiamsha. Kwamba hawezi kuahidi kitu. Akamuuliza Bule kama mwaka ule wa utoto wake kilima kiliungua.

Bule alifumba macho. Akasema ndiyo. Wachungaji walikuwa wamechoma vichaka kwa ajili ya kupe. Mbuzi wake walirudi na kwato nyeusi wiki nzima. Miaka yote hiyo alikumbuka ua, hakukumbuka majivu.

Kisha Madam akatueleza la kufanya, nami nikaandika. Ua likifunguka likatwe katika saa mbili za kwanza, likalazwe kati ya magazeti chini ya vitu vizito, na rangi ziandikwe hapo hapo kwa sababu zitapotea. Likianza kujikunja ni ute, halifai tena. Picha haitoshi, anataka ua lenyewe. Na tusisikitikie mbegu: ua moja pekee halizai, lazima liwe na jirani.

Bule alisema ndiyo kwa kila neno. Lakini nilimwona uso, Habibo. Alikuwa hasikilizi habari za magazeti. Alikuwa tayari ameketi mbele ya ua lake, analitazama.

Novemba 30

Ameitwa Gotu. Mashine imehamishiwa upande wa kilima ambao haujachimbwa, kabla hata kamati haijakaa. Amekwenda kukaa na wazee. Atalala kwa Mzee Ekitela, mchungaji rafiki ya marehemu baba yake. Simu huko hushika mtu akipanda juu ya mawe. Alipoondoka alinibusu kwenye paji, akakibusu pia chungu. Nimeamua kutoona wivu.

Desemba 2

Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu nataka siku moja mtu ajue nilifikiri.

Saa nane tumbo la shina lilikuwa limepasuka kidogo. Saa tisa kasoro lilikuwa linafunguka. Nilimwita Ayo, akaja na kigoda chake. Tukakaa tukitazama. Kweli ni kama kiganja.

Nilimpigia Bule mara kumi na moja, hapatikani. Saa tisa na nusu akapiga yeye, amepanda juu ya mawe kunisalimu tu. Nikamwambia limefunguka. Nilisikia upepo, halafu akasema, "Nakuja. Usiliguse, Kabale. Nakuja." Simu ikakatika. Nilipopiga tena, hapatikani. Nadhani alikuwa tayari juu ya pikipiki.

Kutoka kule hadi hapa, laga zikiwa kavu, ni mwendo wa saa moja na zaidi. Laga haziko kavu.

Saa kumi. Nilipiga picha nyingi. Simu yangu unaijua, kila kitu inakifanya kijivu.

Saa kumi na robo nilileta magazeti. Nikayarudisha ndani. Nikayaleta.

Nilijisemea: ameniambia nisiguse, na mwezi wa tatu wa ndoa si wakati wa kuvunja neno la mume. Nikajijibu: miaka kumi na tisa amelitafuta, lakini miaka minne iliyopita aliyaokoa kilimani kwa kijiko, na hayo mawili si kitu kimoja. La kwanza ni la mtoto mmoja wa miaka tisa. La pili ni la kilima kizima. Nikajijibu tena: wewe ni nani wa kuchagua, wewe uliyeweka makaa?

Nikamuuliza Ayo. Nilitaka aniamuru. Alisema, "Mimi namjua mtoto aliyetoka kwangu. Mtu mzima huyu unamjua wewe."

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi ukingo mmoja ulianza kujikunja, kidogo tu, kama ukurasa unaposhika unyevu. Barabara ilikuwa kimya. Niliandika rangi zote kwanza. Nikachukua wembe mpya, nikasema bismillahi, nikakata. Nililaza ua kwenye gazeti nikaligeuza uso juu, nikafunika, nikaweka mbao, na juu ya mbao jiwe la kusagia la Ayo, ambalo alilibeba mwenyewe.

Bule alifika saa kumi na mbili na dakika tano. Matope mpaka kifuani. Alipita mbele yangu moja kwa moja hadi namba tisa. Akaliona shina.

Sikujitetea. Nilimwambia lilianza kujikunja. Aliuliza saa ngapi. Nikamwambia. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga uliolowa, akaweka mikono juu ya kichwa. Ayo alikuja na maji ya kunawa, akamwosha matope mikononi kama anavyomwosha mtoto, halafu akatuacha.

Desemba 3

Asubuhi alilipeleka gazeti stendi, likiwa limefungwa kati ya mbao mbili, akalikabidhi kwa mkono wake liende Nairobi. Hakulifungua kutazama. Aliporudi aliniambia niketi, nikaketi.

Akasema, "Niambie lilivyokuwa. Usisome ulichoandika. Niambie."

Nikamwambia. Kwamba katikati lilikuwa jeupe kama maziwa, na kwenye koo kulikuwa na doa la manjano lenye vitone vya kahawia kama majani ya chai. Kwamba lilinuka iliki kwa mbali sana, mpaka nilidhani ni mkono wangu.

"Mimi nakumbuka samawati," akasema.

"Pembeni tu. Ukingo. Kote kwingine ni jeupe."

"Una hakika?"

"Nilikaa nalo saa mbili, Bule. Ndiyo."

Alianza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka huku anacheka. "Basi mimi nimekuwa natafuta ua lingine," akasema. "Ningepita karibu na hili nikaliacha."

Kisha akasema lile neno ninaloliandika ili ulione wewe unayehesabu siku arobaini. Alisema njia nzima kutoka Gotu alikuwa anaomba mambo mawili: kwamba alikute, na kwamba niwe nimelikata. Hakujua Mungu angefanyaje. Hata sasa, alisema, sehemu moja ya moyo wake imeninunia, na itachukua siku kadhaa, na nisiifukue.

Nimekubali. Nakijua sasa kimya chake cha kununa na kile cha kufurahi, na kuna cha tatu ambacho ndicho hiki. Zamani nilimpenda kwa sababu hana kasoro. Nilikuwa simwoni.

Desemba 6

Kamati ilikaa jana. Barua ya Madam Waringa ilisomwa kwa sauti na mwenyekiti mwenyewe. Ameandika kwamba amelilinganisha ua na yote yaliyo katika makabati yake na hajaona mfano wake, kwamba hawezi bado kulipa jina, na kwamba anaomba upande ule wa kilima usiguswe mpaka aje aone mimea ikiwa imesimama ardhini. Mwenyekiti alinung'unika kwamba sasa ni kitu kisicho na jina mara mbili. Lakini wamekubali mashine irudi upande wa zamani hadi mwisho wa mwezi. Siyo uzio. Ni wiki tatu na siku kadhaa.

Desemba 7

Manyunyu. Bule aliimba akioga.

Desemba 9

Habibo, nimepata ujumbe wako, kwamba nimekuahidi Garbatulla tangu harusi na kwamba umeshachoka kumwambia mama yako nitakuja. Una haki ya kuninunia. Nina uzoefu sasa, naweza kusubiri.

Lakini sikia. Mzee Ekitela amepanda juu ya mawe leo asubuhi kutupigia. Kilimani mvua ilichelewa, na kwenye kipande ambacho wachungaji walikichoma mwezi wa tisa, mashina yamenenepa. Amehesabu manne, halafu akasema macho yake ni ya mzee, huenda ni saba. Bule alirudisha simu mfukoni taratibu kana kwamba ndiyo itakayopasuka. Aliniuliza mimi la kufanya, Habibo. Mimi.

Nimemwambia asiende peke yake na asingoje mtu wa Nairobi. Nimemwambia kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimempeleka Gotu, mimi na yeye na chupa ya chai, na tutakaa chini pale juani kuanzia adhuhuri, na mimi nitaangalia upande mwingine, ili safari hii alione yeye kwanza.